Kusoma habari za wokovu pamoja na jirani

Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa abasomi, yaani wasomaji, kwa kuwa kilichowatambulisha machoni pa majirani zao kilikuwa ule kuketi kwao na kitabu, mmoja akisoma na wengine wakimkatiza kwa maswali. Katika miaka ile ya mwanzo kitabu chenyewe mara nyingi kilikuwa cha Kiswahili. Alexander Mackay alipofika katika ikulu ya Kabaka Mutesa mwaka 1878, Biblia ya Kiganda ilikuwa bado haijawako, lakini watu wengi wa ikulu walikwisha kujifunza Kiswahili kutoka kwa wafanyabiashara wa pwani, ndiyo maana wamisionari walianza kufundisha kwa lugha hiyo, wakitumia sehemu za Injili zilizotafsiriwa Zanzibar chini ya Askofu Edward Steere. Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika mwaka 1896. Nayataja haya kwa sababu wengi wetu nchini Uganda tumezoea kukihesabu Kiswahili kuwa lugha ya amri na ya vizuizi vya barabarani, na mtu anayetaka kumweleza mwenzake Injili kwa lugha hii huona haya, kana kwamba ameazima buti za askari kwenda nazo kanisani.

Mimi naongoza darasa la Biblia katika kambi moja ya polisi hapa Kampala, ambako Mwacholi, Mlugbara, Mteso na Mnyankole wanaishi mlango kwa mlango, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Ninayoyaandika hapa ni njia ninayoitumia kumwongoza mtu mmoja, au watu wawili watatu, waone kwa macho yao wenyewe Maandiko yanasema nini kuhusu wokovu. Ni njia ya polepole. Anayetaka kuhesabu mikono iliyoinuliwa ifikapo Jumapili jioni haitamfaa.

Kabla ya kufungua kitabu

Swali la "Umeokoka?" liache kwanza. Tangu uamsho uliowaunganisha watu kama Simeoni Nsibambi wa Buganda na Dokta Joe Church wa Gahini nchini Rwanda, waliokutana Namirembe mwaka 1929, neno mulokole, yaani aliyeokoka, limekuwa nchini Uganda jina la watu wa namna fulani, wenye mavazi yao, salamu zao na nyimbo zao. Nikiwa kijana mwenye bidii kuliko busara, nilimfuata mjane katika matanga ya mumewe nikamuuliza kama ameokoka. Alinitazama kwa muda, akanijibu kwa adabu kwamba yeye ni Mwanglikana tangu utoto, kisha akageuka kuwamiminia wageni chai. Mimi nilidhani nimemuuliza habari za roho yake, kumbe yeye alisikia nikimuuliza ni wa kundi gani, tena katika siku ambayo alihitaji mtu wa kumbebea maji.

Mtume Petro anaagiza tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, "lakini kwa upole na kwa hofu" (1 Petro 3:15). Agizo hilo lina mpangilio wake: mwenzako anauliza, nawe unajibu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuishi karibu na watu kiasi cha kuulizwa, na swali likija, hata likiwa la pembeni kama "Mzee, hivi wewe huwa unasoma nini kila jioni?", mkaribishe mtu asome nawe, mahali pa wazi, kwa muda usiozidi saa moja. Kama ni hospitali, shule au gereza, omba ruhusa kwa wahusika kwanza, na kama ni mtoto, wazazi wake wajue. Mwanamume asiende kusoma na mke wa mtu chumbani, hata nia yake iwe safi namna gani; mkasome nje, chini ya mwembe, watu wakiwaona.

Tafuteni Biblia mbili: moja ya Kiswahili na moja ya lugha aliyonyonya mwenzako, iwe Kilugbara, Kiacholi, Kinyoro au nyingineyo. Wakimbizi kutoka Kongo walioko Nakivale na Kyangwali wana Kiswahili chao, nao wakati mwingine huona Kiswahili cha Biblia ya Union Version kuwa kigumu, kwa hiyo usione aibu kusimama katika kila mstari na kuuliza: "Hapa wewe ungesemaje?"

Anza na mlinzi wa gereza

Walimu wengi huanza na Yohana 3:16, na sina ugomvi nao. Mimi naanza na Matendo ya Mitume 16, mstari wa 16 hadi wa 34, kisa cha Paulo na Sila gerezani, kwa sababu ndipo mtu anapouliza kwa kinywa chake swali tunalotaka lijibiwe. Mwenzako ndiye asome kwa sauti, nawe usikilize bila kumsahihisha matamshi. Akimaliza, mwambie akusimulie kisa kile kitabu kikiwa kimefungwa, na atakaposahau jambo, mfungue pamoja mlitafute. Utashangaa ni mambo mangapi yanaonekana kwa namna hii ambayo mahubiri ya saa nzima huyaruka.

Katika darasa letu, jambo la kwanza walilolishika maafande lilikuwa ule upanga. Tetemeko limefungua milango, minyororo imelegea, na mlinzi, kabla hajahesabu wafungwa, anataka kujiua. Mgeni wa kazi hiyo huona ni wazimu. Koplo mmoja aliyekuwa amelinda mahabusu kwa miaka mingi alicheka kidogo, cheko lisilo la furaha, akasema kwamba mfungwa akitoroka, anayebaki kujibu ni wewe uliyekuwa na funguo. Nikawaonyesha Matendo 12:19, ambapo walinzi wa Petro waliuawa kwa amri ya Herode kwa sababu mfungwa wao hakuonekana asubuhi. Kikao kizima kilinyamaza. Tangu hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini mtu yule alitetemeka, wala kwa nini sauti ya Paulo kutoka gizani, kwamba wote wangalipo, ilimwangusha miguuni pake.

Ndipo linapokuja swali: "Yanipasa nifanye nini nipate kuokoka?" Muulize mwenzako: mlinzi huyu anataka kuokoka na nini? Mwache ajibu, hata akikosea. Wafungwa wote wapo, kwa hiyo adhabu ya kazini haipo tena, na bado mtu anatetemeka. Ameyaona maisha yake yakining'inia kwenye ncha ya upanga, wafungwa aliowatia miguu katika mkatale walikuwa wakiimba usiku wa manane, na sasa anauliza jambo kubwa kuliko lile lililomwamsha usingizini. Jibu ni fupi: "Mwamini Bwana Yesu, nawe utaokoka pamoja na nyumba yako." Wahubiri wengi hufunga Biblia hapo. Wewe endelea na mstari wa 32, unaosema kwamba baada ya jibu lile walimwambia neno la Bwana, yeye na wote waliokuwa nyumbani mwake. Mlinzi hangeweza kumwamini mtu asiyemjua, na kwa hiyo alifundishwa usiku uleule, akawaosha mapigo yao, akabatizwa, akawaandalia chakula. Mwombe mwenzako ataje kila kitendo kwa mfuatano, kisha muulize ni kipi kati ya hivyo kilichomwokoa. Usimjibie. Swali hilo na libaki wazi mpaka mkutano ujao.

Maneno yanayomdanganya msomaji

Katika mkutano wa pili nenda kwenye Waraka kwa Warumi, kwa mistari michache tu: 3:23, 5:8, 6:23 na 10:9. Mistari hii imekwisha kutumiwa sana, na kwa sababu hiyo watu huikariri bila kuisikia. Shida kubwa zaidi ni kwamba baadhi ya maneno yake yana maana moja kanisani na nyingine sokoni.

Chukua neno haki. Mtu anayesikiliza redio kila siku hujua haki za binadamu na haki za mtoto, kwa hiyo akisoma kwamba tumehesabiwa haki kwa imani (Warumi 5:1) hudhani kwamba Mungu amempa stahili fulani ya kudai. Mweleze kwamba hapa ni lugha ya mahakama: mshitakiwa amesimama kizimbani, na hakimu anamtangaza kuwa hana hatia, akiachiwa kwa sababu mwingine amebeba adhabu yake. Neno neema nalo kwa Kiswahili cha kila siku ni mavuno mengi na mvua ya kutosha, na wapo wanaolitumia hivyo madhabahuni kuwaahidi watu magari. Katika Waefeso 2:8 neema ni fadhili anayotendewa mtu asiyestahili. Hata Luka 23:43, Yesu anapomwambia yule mhalifu "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi", dada mmoja katika darasa letu aliogopa kabisa, kwa kuwa pepo alizozijua yeye ni zile zinazokemewa usiku wa mkesha. Ilibidi tufungue Biblia yake ya Kiteso ndipo akatulia.

Karama ndilo neno ninalokaa nalo muda mrefu zaidi. Warumi 6:23 yasema: "Kwa maana mshahara wa dhambi ni mauti, bali karama ya Mungu ni uzima wa milele katika Kristo Yesu Bwana wetu." Wengi wakisikia karama hufikiria unabii na kunena kwa lugha. Waambie ni zawadi, kisha warudishe kwenye neno linaloitangulia, mshahara, ambalo kambini halihitaji kamusi. Mshahara ukichelewa watu hunung'unika, na ukija hakuna anayemwandikia mhasibu barua ya shukrani, maana ni wake, ameufanyia kazi. Ndivyo mauti yalivyo kwa dhambi: ni malipo halali. Zawadi haidaiwi, haikatwi kodi, wala haiongezeki kwa mtu aliyefanya zamu mbili. Mwenzako akikaa na tofauti hiyo kwa dakika kumi, atakuwa ameipata Warumi kuliko akikariri mistari yote minne.

Me, na, ta

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Kiswahili kinalifundisha vizuri kuliko mwalimu. Mtu atakuuliza, na ni swali la haki: mtu ameokoka siku moja akamaliza, au anaendelea kuokoka, au atajua siku ya mwisho? Katika Uganda majibu haya matatu yamewagawa watu wa nyumba moja, kila mmoja akishika kipande chake.

Mpe karatasi aandike mistari mitatu. Waefeso 2:8: "mmeokolewa kwa neema." 1 Wakorintho 1:18: "sisi tunaookolewa." Warumi 5:9: "tutaokolewa na ghadhabu kwa yeye." Kisha apige mstari chini ya viambishi vya wakati: me, na, ta. Mtoto wa darasa la nne anazijua nyakati hizo. Jambo limekwisha kutendeka na matokeo yake yapo; jambo linaendelea; jambo litatimia. Paulo aliyaandika yote matatu bila kuona kwamba anajipinga, na nadhani mtu yeyote aliyewahi kuvutwa kutoka ziwani anaweza kumwelewa: ameshikwa mkono na amekwisha kuokolewa, anavutwa kuelekea mtumbwini, na bado hajafika ufukweni. Me ikikosekana, mtu huishi kwa hofu akijihesabia matendo yake kila usiku. Ile na ikikosekana, hudhani cheti cha siku ile aliyotubu kinatosha hata akirudi kumpiga mkewe. Nayo ta ikikosekana, wokovu hubaki kuwa ajira nzuri na afya njema hapa duniani, basi.

Kisha mwonyeshe kiambishi kingine, ile -w- iliyomo katika kuokolewa. Kuokoka ni neno zuri, na Biblia inalitumia, ila halimtaji mtendaji, na mtu anayesema "nimeokoka" anaweza kusahau kwamba yupo aliyemwokoa. Anayesema "nimeokolewa" atalazimika kujibu: na nani? Kwa maoni yangu, swali hilo dogo la sarufi limewafikisha watu wengi mbele ya Kristo kuliko vitisho vyangu vyote vya ujanani kuhusu moto.

Watakayokuuliza

La matendo halikwepeki. Soma Waefeso 2:8 hadi 10 bila kukata, kwa maana wanaokata mstari wa 10 huondoa matendo mema ambayo tuliumbwa katika Kristo ili tuyatende, kisha wanashangaa Yakobo 2:17, isemayo kwamba imani isiyo na matendo imekufa, inatoka wapi. Hapo ndipo ninapolijibu lile swali la mlinzi tuliloliacha wazi. Kuwaosha waliopigwa hakukumwokoa, ila kulionyesha kwamba amekwisha kuokolewa, kwa sababu mtu wa jana asingefanya hivyo.

Msomaji wa Uganda ana mfano wa karibu zaidi. Usiku mmoja wa Mei mwaka 1886, huko Munyonyo, Karoli Lwanga aliwabatiza vijana kadhaa wa ikulu ya Kabaka Mwanga waliokuwa bado wanafunzi wa dini, miongoni mwao Kizito, mdogo wao. Asubuhi walihukumiwa, na tarehe 3 Juni wakachomwa moto Namugongo. Kizito hakupata hata wiki mbili za matendo mema baada ya ubatizo. Anayekwenda hija Namugongo kila mwaka kwa miguu kutoka mbali anaweza kuulizwa kwa upole anadhani kijana yule alitegemea nini, miguu yake au Bwana wake. Na muulizaji ajiulize vilevile, kwa maana nasi Waprotestanti tunazo hija zetu tusizoziita hivyo.

Mwenzako akiwa Mkatoliki, au Msabato, au wa kanisa lolote linalomkiri Kristo, usimfanye mwanachama wa kanisa lako. Asome, aamini, abaki akitoa nuru pale alipo, na tofauti zilizopo kuhusu ubatizo na meza ya Bwana azipeleke kwa viongozi wake. Mwenzako akiwa Mwislamu, kama wengi walivyo Arua na Bombo, mtagundua kwamba mnashiriki maneno mengi, toba, imani, rehema, dhambi, huku mkiyapa uzito tofauti. Kwa hiyo sikiliza kwanza, na usiitolee hukumu Kurani ambayo hujaisoma. Luka 15, ambapo baba mzee anakimbia kumlaki mwana aliyemwaibisha, huzungumza yenyewe, na mara nyingi mjadala wenye faida huanzia kwenye kule kukimbia kwake.

La fedha nalijibu kwa ukali kidogo. Watu wetu wameuziwa maji, mafuta na nafasi ya kuombewa, na wameambiwa wapande mbegu ya pesa ili wafunguliwe. Wafungulie Matendo 8:18 hadi 20, pale Simoni alipowaletea mitume fedha, na waisome wenyewe jibu la Petro. Hakuna haja ya kumtaja mchungaji yeyote kwa jina.

Sala, na yanayofuata

Itafika siku mwenzako atasema anaamini, au atauliza aanzie wapi. Wapo wanaompa mtu sala ya kurudia neno kwa neno. Mimi niliifanya hivyo kwa miaka kadhaa, hadi mlinzi mmoja wa geti aliyeirudia kwa haraka sana aliponikiri baadaye kwamba alitaka tu niondoke, kwa kuwa zamu yake ilikuwa inakaguliwa. Maandiko hayatuwekei maneno maalumu. Mtoza ushuru katika Luka 18:13 alisema, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi," akarudi nyumbani kwake amehesabiwa haki. Mwambie mwenzako azungumze na Mungu kwa lugha yake ya nyumbani, hata kama wewe huielewi, amweleze anachokiri na anayemwamini, kama Warumi 10:9 inavyosema: kwa kinywa kwamba Yesu ni Bwana, kwa moyo kwamba Mungu alimfufua katika wafu. Nawe kaa kimya. Kama kuna mtu ambaye mwenzako alimdhulumu, asihimizwe kutangaza mambo ya ndani mbele ya umati; akarudishe alichochukua, kwa siri na kwa unyenyekevu.

Baada ya hapo mpeleke kwa watu. Jumapili ya kwanza mfuate nyumbani, mwende pamoja, umtambulishe kwa jina kwa mwinjilisti na kwa jirani mmoja anayesali hapo, kisha katikati ya juma ule naye chakula, kama mlinzi yule alivyoandaa meza. Kama bado hajabatizwa, aandikishwe katika darasa la mafundisho.

Kambini tuna tatizo moja zaidi, nalo ni uhamisho. Mtu huitwa leo, kesho yumo ndani ya lori na godoro lake, kwa hiyo kila anayesoma nami huandika mistari yetu katika daftari lake mwenyewe kwa mwandiko wake. Konstebo mmoja aliyehamishiwa Moroto alinipigia simu mwaka uliopita. Alikuwa amefungua daftari lile pamoja na mwenzake wa zamu, wakafika Matendo 16, na mwenzake akauliza kwa nini Paulo hakutoka milango ilipofunguka, ilhali Petro katika sura ya 12 alitoka. Nilimwambia asome sura zote mbili kwa pamoja, aangalie katika kila gereza nani alimwambia mfungwa afanye nini. Salio lake likakatika kabla hajanijibu. Jioni alipiga tena, na safari hii aliyekuwa akisoma kwa sauti upande wa pili alikuwa yule mwenzake.